Vibao vya Bastola na Mwanamke wa Kakuma

Mimi nina wivu. Nasema mapema ili mtu asije kuniambia baadaye kwamba nilificha. Wengine wana pumu, wengine wana vidonda vya tumbo, mimi nina wivu, na nimekuwa nao tangu Kipkemboi aliponioa kule Tambach hadi Serikali ilipotuhamishia Lodwar. Mwanamke akimsalimia mume wangu kwa mikono miwili, mimi naangalia ataiachilia lini. Nimejaribu maombi, nimejaribu kunyamaza, wapi! Mtu akitaka kunihukumu na anihukumu, lakini kwanza asikilize.

Mwaka ulikuwa wa sabini na sita. Kipkemboi alikuwa koplo, fundi wa silaha katika kituo cha polisi cha Lodwar. Msidhani kazi yake ilikuwa kupiga risasi. Kutwa alikuwa ndani ya chumba cha mabati nyuma ya kituo, na bisibisi, tupa na chupa ya mafuta, akitengeneza bunduki za wenzake. Lakini kilichompa jina ni bastola, tena si bastola yenyewe, ni pale mkono unaposhika.

Bastola za maofisa zilikuwa na vibao viwili vya plastiki nyeusi, kimoja kulia, kimoja kushoto. Vibao hivyo huchongwa mistari myembamba inayokatana, katikati vikabaki vipele vidogo vidogo vya pembe nne, vikali, ili bastola isiteleze. Sasa Lodwar na joto lake! Mtu anatoka jasho mpaka kwenye kucha. Jasho na mchanga kila siku, mwaka baada ya mwaka, vipele vinalika mpaka kibao kinakuwa kama kipande cha sabuni ya jana. Afande akichomoa bastola, inataka kumponyoka. Na vibao vipya havikuwa vinaletwa. Kwa hiyo Kipkemboi alikuwa akivichonga upya. Anafungua skrubu, anabana kibao kwenye jiliwa, anapaka chaki ili mistari ya zamani ionekane, halafu anaifuata kwa tupa ndogo yenye safu mbili za meno. Safu moja inatembea ndani ya mstari wa zamani, nyingine inakata mpya ubavuni. Polepole, maana ukiwa na haraka plastiki inapata moto, inayeyuka, inaziba meno ya tupa, na mstari unakwenda kombo. Mstari mmoja tu ukienda kombo, kibao kizima kinakutazama kama mtu mwenye makengeza.

Kila mwisho wa Agosti afisa mkuu alikuja kutoka Nakuru kukagua silaha. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya vibao vya mume wangu, anatikisa kichwa, anauliza kama huyu mtu ametoka mbinguni. Na mimi kesho yake mferejini, nikichota maji na wake wa polisi wenzangu, nilikuwa naringa. Naringa kweli kweli!

Basi, kuanzia Januari ya mwaka huo, Kipkemboi akaanza safari za Kakuma. Kila mwisho wa mwezi, siku mbili, na Landrova ya kituo. "Nakwenda kukagua silaha za kule," ananiambia. Kakuma ya wakati ule ilikuwa maduka machache, misheni, kituo cha polisi na mto uliokauka. Bunduki zenyewe ngapi hata zikaguliwe kila mwezi? Tena alikuwa akiondoka amenuna, akirudi anapiga mluzi. Mwanamume anayerudi nyumbani kwa mluzi, jamani, ametoka wapi?

Halafu kitambaa. Nilikuwa nimemtarizia kitambaa cha mfukoni, herufi K na ua jekundu pembeni. Mwezi wa Juni kikarudi kinanuka mafuta ya kondoo, na kimepakaa udongo mwekundu. Udongo mwekundu, ule ule ambao wanawake wa Kiturkana hujipaka shingoni! Nikakiweka mezani mbele yake.

"Hiki nini, Baba Cheruto?"

"Nilifutia mkono."

"Mkono ulikuwa umeshika nini?"

Akavuta sahani, akala ugali wake wote. Usiku mzima nilikuwa macho nikihesabu boriti.

Aliyenimaliza ni Rael, jirani yangu, ambaye mumewe ndiye aliyekuwa dereva wa ile Landrova. Alinivuta pembeni mferejini, akaniambia, "Mama Cheruto, mimi si mtu wa kupeleka maneno, lakini bwana yangu anasema wakifika Kakuma koplo wako haingii hata kituoni. Anashuka nyuma ya misheni, kwa mwanamke mmoja anaitwa Akeno." Eti si mtu wa kupeleka maneno! Nilimshukuru huku nataka kumtwanga debe la kichwa.

Mwisho wa Julai, Kipkemboi alipoondoka, nami nikapanda lori la Msomali mmoja aliyekuwa akipeleka unga Kakuma. Nilikaa juu ya magunia tangu alfajiri, jua likanichoma, vumbi likanijaa masikioni, na njia nzima napanga maneno. Nilikuwa na matusi ya Kikeiyo, matusi ya Kiswahili, na mawili ya Kiluhya niliyofundishwa na Rael mwenyewe.

Niliwaona chini ya mgunga, nyuma ya misheni. Mume wangu amekalia kigoda cha Kiturkana, magoti yake yamegusana na magoti ya mwanamke. Vichwa vimekaribiana. Mkono wake uko juu ya mkono wa mwanamke. Wameinamia kitu mapajani, na yule mwanamke amegeuza uso pembeni, ametoa ncha ya ulimi, kama mtu anayesikiliza nani yuko mlangoni. Halafu akasema neno moja, na Kipkemboi akacheka. Kicheko kile nyumbani kwangu hakikuwa kimesikika tangu Krismasi.

Na alikuwa mzuri, siwadanganyi. Shingo ndefu, shanga zimepandana mpaka kidevuni, ngozi inang'aa, na mabegani chale zimepangwa safu kwa safu kama mbegu za mahindi. Angekuwa mbaya ningemrukia pale pale. Kwa kuwa alikuwa mzuri, matusi yote ya lugha tatu yakanitoka kichwani. Nilichobaki nacho ni macho, na macho yakaona kitambaa changu kimetandikwa kwenye paja lake, na juu ya kitambaa vibao vinne vyeusi vya bastola.

Nikageuka, nikaenda moja kwa moja kituoni kwa Inspekta Opondo, mkuu wa polisi pale Kakuma. Alikuwa mtu mnene, ameketi na taulo shingoni, anajipepea kwa faili.

"Afande," nikasema, sauti imepanda mpaka kwa mahabusu, "mume wangu anamgawia hawara yake mali ya Serikali!"

Nilisema mali ya Serikali makusudi. Nilijua hawara peke yake hawezi kumfanya mwanamume mwenzake ainuke kitini. Na kweli aliinuka. Askari wawili wakatumwa, wakaletwa wote wawili, Kipkemboi na Akeno, na vibao ndani ya kitambaa.

"Koplo," Inspekta akasema, "vibao vya bastola vinafuata nini nje ya ghala la silaha?"

Kipkemboi akatazama upande niliosimama, lakini hakunitazama usoni, macho yalinipita kidogo. Nikadhani ni aibu. Kisha akasimama wima kwa heshima zote.

"Afande, mke wangu anasema kweli. Huyu ni mwanamke wangu. Nimekuja kumwona na kazi yangu mfukoni. Vibao nilikuwa namwonyesha tu, kumringia."

Inspekta akamtazama, akamtazama Akeno, akaangua kicheko mpaka taulo likaanguka. Askari nao wakacheka. "Haya, vibao vyako virudi Lodwar," akasema akijifuta machozi. "Na nisikuone tena Kakuma na kifaa cha ghala. Hayo mengine kamalizane na mama nyumbani." Ikaisha hivyo. Hata karatasi haikuandikwa.

Njia nzima ya kwenda nilitaka akiri. Sasa amekiri mbele ya watu, na mimi nikatamani angenidanganya. Nilikataa kupanda Landrova pamoja naye. Nilirudi na lori lile lile, magunia yameshushwa, nagongwa na mbao, nalia kwa sauti maana dereva alikuwa mbele hasikii.

Lodwar nikaanza kufunga mizigo. Lori la Kitale lilikuwa la Ijumaa. Siku hizo nilipika chakula cha mtu mmoja na nikala mwenyewe. Kipkemboi alikunywa maji, akalala kwenye mkeka, hakujitetea hata kidogo. Hilo ndilo lililonitia mori zaidi. Mwanamume ana hatia, basi aombe msamaha!

Alhamisi asubuhi, Kipkemboi yuko kazini, nikasikia mtu mlangoni. "Ejok, Mama." Salamu ya Kiturkana.

Alikuwa Akeno, miguu imejaa vumbi la safari.

"Ejok ya nani?" nikamwambia. Nilikuwa na mwiko mkononi, nao umejaa ugali wa moto. "Umefuata nini tena? Kitanda? Kimo ndani, kichukue!"

Hakurudi nyuma. Akakaa kizingitini, akafungua fundo la shuka yake, akatoa vibao viwili vyeusi. "Hii ilibaki kwangu ile siku ya kelele," akasema. "Nimemaliza moja. Afande mkubwa anakuja, si ndiyo?"

Nikakichukua kile kilichokwisha. Nilikuwa nimeona vibao vya mume wangu miaka mingi, naijua kazi nzuri. Hii ilikuwa nzuri kupita. Kila kipele kimesimama peke yake, kikali, mistari imekwenda sawasawa mpaka ukingoni.

"Nani amekata hii?"

"Mimi."

"Mwongo mkubwa wewe."

Akakishika kile cha pili, akatoa tupa ya mume wangu kwenye shuka, akaanza. Krr, krr, krr. Gumba la kushoto linatangulia, tupa inalifuata. Ncha ya ulimi nje, uso pembeni. Na macho yake, mtanisadiki? Macho yalikuwa yananiangalia mimi na mwiko wangu. Mikono inakata, macho yanangoja kama nitampiga.

"Huangalii?"

"Mimi napiga watu chale, Mama. Damu inatoka, utaona nini? Unafuata na gumba." Akapuliza unga mweusi. "Mzee yako hapana ona. Macho iko na moshi. Hapana ona hii mistari, hapana ona mimi, hapana ona wewe."

Nikakaa chini bila kujua.

Akaniambia yote kwa Kiswahili chake. Walikutana kwa Sista wa misheni, kwenye foleni ya dawa ya macho. Akeno alikuwa amempeleka mama yake. Kipkemboi alikuwa ameambiwa na Sista kwamba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, apasuliwe Nakuru na avae miwani minene maisha yake yote. Na miwani hiyo ikiandikwa kwenye faili, kikosi kinamstaafisha kabla ya wakati wake. Bado miaka miwili apate pensheni, na binti yetu Cheruto alikuwa ndio kwanza ameingia kidato cha kwanza shule ya bweni. "Alikuwa anashika hii plastiki na mkono," Akeno akasema, "halafu analia."

"Analia?"

"Analia, Mama. Kama mtoto. Mimi nikashika plastiki, nikaona hii ni chale tu. Nikamwambia lete."

"Na wewe unataka nini kwake?"

Akacheka mpaka nikaona pengo la meno ya chini. "Mimi iko na bwana. Bwana iko na ngamia. Mzee yako iko na nini? Hana hata mbuzi! Ananiletea sukari na tumbaku."

Ndipo nikakumbuka barua za Cheruto. Kila zilipofika, Kipkemboi alikuwa akinipa na kusema, "Soma wewe, Mama Cheruto, napenda sauti yako." Na mimi najitengeneza koo, nasoma kwa madaha, najiona malkia wa Lodwar nzima! Kumbe nilichodhani ni mapenzi ni macho mabovu.

Mtafikiri nilimwonea huruma. Baadaye, ndiyo. Lakini cha kwanza kunijia kilikuwa wivu, mkubwa kuliko ule wa chini ya mgunga. Mambo ya kitanda ningeyaelewa, ningetukana, ningevunja sahani, yangekwisha. Lakini alilia mbele yake! Miaka kumi na saba ya ndoa sikuwahi kuona chozi la Kipkemboi, hata siku tuliyomzika baba yake. Akaenda kulitoa kwa mtu wa foleni.

Jioni aliporudi nilisimama katikati ya nyumba, nikanyoosha vidole vitatu. "Ngapi?"

Akanusa hewa. "Akeno amekuja," akasema, akakaa kwenye kiti taratibu, mkono ukitafuta kiti kwanza. Mkono ule ulikuwa ukitafuta kiti kila siku na mimi sikuuona.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia wewe, ungemwambia Rael. Rael angemwambia bwana yake. Wiki ile ile ningeitwa kwa daktari wa kikosi."

"Yaani mimi nina mdomo?"

"Mama Cheruto, ulipanda lori ukaenda kumwambia Inspekta."

Nikaufunga huo mdomo.

"Na kule Kakuma ulikiri uongo," nikasema baadaye.

"Polisi hafukuzwi kazi kwa sababu ya mwanamke," akasema. "Kwa macho anafukuzwa."

Ukaguzi ulikuwa umebaki wiki tatu, na bastola tisa hazijaguswa. Vibao kumi na vinane. Kakuma hawezi kwenda tena, Inspekta amekwisha kumkataza. Nikasema basi, nitakata mimi. Mimi natarizi, napamba vibuyu kwa shanga, mkono wangu una shida gani? Kipkemboi akanipa kibao, akanielekeza. Akeno akakaa pembeni anatafuna tumbaku. Nilianza vizuri. Halafu nikamwona Akeno ananitazama, damu ikanichemka, nikataka nimwonyeshe, nikaongeza mwendo. Plastiki ikapata moto, tupa ikakwama, nikasukuma, ikaruka. Mkwaruzo ukapita kibao kizima kutoka kona hadi kona.

Kipkemboi akaugusa kwa gumba. "Umekwenda haraka," akasema. Akeno akatazama dari. Ilimchukua siku mbili kukitengeneza, akiishusha mistari yote chini mpaka mkwaruzo ukapotea.

Kwa hiyo ilibidi akae kwetu. Sasa fikirini, laini za polisi, nyumba zimebanana, mwanamke wa Kiturkana anaingia nyumbani kwa koplo na hatoki. Utasema ni nani? Ukisema ni mgeni, watauliza mgeni wa nini. Ukisema ni mfanyakazi, wataingia kumwona akifanya kazi. Siku ya tatu, mferejini, Rael akaniuliza mbele ya wote. "Mama Cheruto, huyo aliyeko kwako si ndiye yule?"

Madebe yote yakanyamaza. Nilikuwa na sekunde chache tu. Mbele yangu niliona miaka miwili ya mume wangu, na shule ya Cheruto.

"Ndiye," nikasema. "Ni mke mwenzangu. Nimemkubali."

Rael akaachia debe lake likajaa na kumwagika. Mmoja akasema, "Una moyo, mama." Mwingine akacheka puani. Mimi, Jeptoo, niliyewahi kumfukuza muuza maziwa kwa sababu alimwambia mume wangu ana viatu vizuri! Nikajitwika debe, nikaenda zangu, maji yakinimwagikia usoni, na hiyo ilikuwa bahati, maana hakuna aliyejua maji ni yapi.

Wiki hizo tatu sitaki kuzikumbuka. Mchana Kipkemboi analeta vibao viwili vitatu mfukoni, mlango unafungwa, wanakaa. Mimi nami nakaa katikati na kitambaa changu cha kutarizi. Yeye anagusa kibao, anasema, "Hapa." Akeno anasema, "Ee." Basi! Mimi nina maneno gunia zima na hakuna hata moja linalohitajika. Chai ya Akeno nilikuwa naitia sukari kidogo. Akawa anaongeza mwenyewe.

Siku moja nikaona tena mkono wake juu ya mkono wa Akeno. "Hapo unashika nini?"

"Najifunza," Kipkemboi akasema.

"Si wewe ndiye fundi? Unajifunza nini?"

"Kukata bila macho. Niache, Mama Cheruto."

Nikamwacha, lakini kitambaa kile nilikichoma sindano mpaka kidoleni.

Siku ya ukaguzi ikafika. Meza zimepangwa uwanjani, bastola zimelazwa juu ya blanketi, skrubu zinang'aa. Wake wa polisi tuliandaa chai, na mimi nilikuwa na birika, kwa hiyo nilikuwa karibu. Akeno alisimama nje ya uzio na wanawake wenzake. Afisa wa Nakuru akapita, gumba lake juu ya kila kibao, akafika mwisho, akatikisa kichwa kama kawaida. Nikashusha pumzi.

Halafu akafungua mkoba wake wa kiunoni, akatoa bastola yake mwenyewe. "Koplo, hata yangu imelika. Nikatie mistari miwili hapa hapa, vijana hawa waone kazi inavyofanywa."

Askari wakakusanyika. Kipkemboi akafungua skrubu kwa kupapasa, akabana kibao kwenye jiliwa lililokuwa ukingoni mwa meza. Hakuomba chaki. Akaweka gumba la kushoto mbele. Akageuza uso pembeni. Akatoa ncha ya ulimi. Krr, krr, krr, mpaka ukingoni. Akapuliza, akasogeza gumba, akakata wa pili.

Afisa akapitisha kidole. "Mnaona?" akawaambia vijana. "Huyu haangalii hata! Miaka yote ile, mkono umezoea." Akampiga begani. Makofi yakapigwa, na nje ya uzio Akeno akapiga kigelegele kikapasua masikio.

Ilikuwa imekwisha. Amepona. Nilipaswa kupiga magoti nimshukuru Mungu, na badala yake niliganda pale na birika, kwa sababu niliona ule ulimi. Ule uso pembeni. Alikuwa yeye mtupu, Akeno wa chini ya mgunga, ndani ya sare ya mume wangu. Miaka kumi na saba tumeishi pamoja na Kipkemboi hakuwahi kuokota hata tabia yangu moja. Nilimmwagia Inspekta Opondo, aliyekuwa amekuja na msafara wa Kakuma, chai ya moto mkononi. Nilimwomba radhi, lakini haikunitoka moyoni.

Mchana ule ule Akeno akapanda lori kurudi kwa bwana yake na ngamia zake. Nilimfungia sukari, nikamfungia tumbaku, nikampa na shuka yangu mpya. Nilimshukuru na nilimaanisha. Nilitaka aende upesi na hilo pia nilimaanisha. Akanishika mikono yote miwili, akacheka, akaenda.

Niliporudi ndani, Kipkemboi alikuwa ameketi kitandani anavua viatu. Uso wake ulikuwa umelainika, sikuwa nimeuona hivyo siku nyingi.

"Mama Cheruto," akasema, "hivi Akeno ana sura gani?"

"Hujui?"

"Tangu siku ya kwanza sikumwona. Ni kivuli na harufu ya mafuta, basi. Wewe umekaa naye, niambie."

Aliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha Lokichar. Mimi nikaiona ile shingo. Nikaona shanga, na ngozi, na zile chale za mabegani. Nikamwona mwanamke aliyeniokolea mume na shule ya mwanangu, akalala sakafuni kwangu wiki tatu kwa chai yenye sukari kidogo.

"Ni mbaya," nikasema. "Uso umekunjamana, jicho moja limekwenda upande, pua imevunjika. Watoto wakimwona wanakimbia."

Kipkemboi akabaki na kiatu mkononi.

"Maskini," akasema polepole. "Na moyo wote ule alionao."

Akaendelea kukaa pale, kiatu mkononi, akitabasamu kuelekea ukutani. Mimi nikatoka nje nikaanza kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.